Mjane wa Moshi

Moshi ulianza kutoka siku ambayo tanuri lilikuwa limezimwa.

Nyumba ya wakaanga dengu haikosi moshi, na ya Sonmati ilikuwa hivyo hivyo: kuta nyeusi, nguo zinanuka kuni, hata maziwa yana ladha ya masizi. Lakini siku hiyo ilikuwa ya mfungo, mchanga wa kukaangia umepoa kwenye karai, majivu yamezolewa tangu jana yake. Sonmati alikuwa ameketi uani anachana nywele, kioo kakiegemeza ukutani, ndipo akaona uzi mwembamba wa moshi ukipenya chini ya mlango wa chumba cha ibada cha mama mkwe wake. Moshi wenyewe haukupanda juu. Ulitambaa sakafuni, ukazunguka mguu wa kitanda cha kamba, ukaja mpaka kwenye nyayo zake, ukakaa hapo.

Alinyanyuka akachungulia kwenye ufa wa mlango. Giza tu. Akarudi kwenye kioo amalizie nywele, na hapo roho ikamruka. Sinduri aliyojipaka asubuhi ile ile kwenye mstari wa nywele, poda nyekundu ya mke mwenye mume, ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Akaifuta, akapaka nyingine. Kabla hajafunga kikopo, nayo ikawa majivu.

Sasa, kumwelewa Sonmati inabidi turudi nyuma kidogo, kwa mama mkwe. Bi Phulesra alikuwa mjane tangu ujanani, na kama wajane wengi wa mji wa Banaras alishazoea kuona watu wakibadili njia asubuhi wasikutane naye, maana kumwona mjane kabla hujafungua duka ni mkosi wa siku nzima. Mmoja tu hakumkwepa: Dhumavati, mungu wa kike wa moshi, ambaye mwenyewe ni mjane. Picha yake ilikuwa humo chumbani, imepauka kwa uzee: bibi mrefu, mbavu nje, nguo nyeupe chafu, kaketi kwenye gari lisilo na farasi, kunguru juu ya bendera, ungo mkononi. Bi Phulesra alimpelekea chakula kila siku, na Sonmati alipoletwa bibi harusi alipewa sharti moja tu. "Humo huingii, mwanangu. Mwenye mume hana shughuli humo."

Halafu kiharusi kikampiga Bi Phulesra. Upande mmoja ukafa, ulimi ukafungika. Akawa analazwa pale uani, jicho moja zima kalikodoa kwenye mlango wa kile chumba, machozi yanamtoka, mkono uliobaki unapigapiga kitanda. Sonmati, masikini, akaona mungu wa mama ana njaa na mama anamwonea uchungu. Alikuwa mtu wa huruma. Pia alikuwa mtu wa tahadhari, na tahadhari hiyo ndiyo iliyomponza. Mwenye mume haingii? Basi hataingia kama mwenye mume. Alivua bangili, akafuta sinduri, akajifunga nguo nyeupe ya mama mkwe, akaingia na sahani ya wali na dengu, mjane kamili. Dakika chache tu, alijisemea, nikitoka nitajipaka tena. Nyuma yake Bi Phulesra alikuwa anakipiga kitanda kwa nguvu zote alizobakiza. Sonmati alidhani anamshukuru.

Hayo yalitokea juzi yake. Moshi ukaja siku ile ya mfungo.

Jioni mumewe, Shivmurat, akarudi na mkokoteni wake wa bisi na dengu zilizobaki jana yake. Alikuwa mtu wa mizaha, mnene kiasi, wa kucheka kabla hajamaliza kichekesho.

"Bibie, leo nina njaa ya kutafuna mlango," alisema.

Alikula mikate yote. Akala wa Sonmati. Akakomba sufuria kwa kidole, kisha akalitazama kama limemdhulumu.

"Umefanya kazi gani leo?" Sonmati aliuliza.

"Ya kufukuza kunguru. Wamepanda mkokoteni tangu asubuhi, wawili mbele, wengine nyuma. Nikiwafukuza wanashuka, wanatembea kidogo kama wazee wa mtaa, wanapanda tena. Wateja wamenikimbia, kunguru wamenizoea." Akacheka, halafu akanusa. "Umeunguza nini?"

"Sijapika kitu kingine."

"Mbona nasikia moshi?"

Sonmati alimsogelea. Moshi ulikuwa unatoka kinywani mwake, na kila alipocheka ulitoka zaidi. Hakumwambia.

Tangu siku hiyo Shivmurat akawa anakula na kukonda. Shati likamning'inia, mashavu yakaingia ndani, na mizaha ikapungua kwa sababu pumzi yote ilikwenda kwenye kutafuna. Bangili za Sonmati zikaanza kukatika zenyewe, moja akiwa anachota maji, nyingine akiwa amekaa kitako hana hili wala lile. Alijaribu kutopeleka chakula kwenye kile chumba, na siku hiyo Shivmurat alishtuka kutoka usingizini akiwa ameuma mkono wake mwenyewe mpaka damu. Ikabidi apeleke. Kila alipopeleka alivaa ile nguo nyeupe, maana sasa aliogopa kuingia na nyekundu, na kila alipotoka sinduri ilikataa kukaa.

Mchana mmoja, jua limekaza na mtaa mzima umelala, akasikia mlio. Shwaa. Kimya. Shwaa. Aliyezaliwa nyumba ya nafaka haulizi huo ni mlio gani. Ni ungo unapepetwa. Na ungo wao wa kazi ulikuwa mbele ya macho yake, umetundikwa kwenye msumari.

Mlio ulitoka chumbani kwa mama. Sonmati akapiga moyo konde, akasukuma mlango kiasi cha kupitisha jicho, na ndani, kwenye mwanga wa kijidirisha, akaona ungo ukipanda na kushuka bila mtu nyuma yake, au labda mtu alikuwapo lakini moshi ulikuwa mzito mahali pale ambapo angekuwa amekaa, na ndani ya ungo hamkuwa na mchele wala dengu, mlikuwa na nywele, na nyusi, na vipande vya kucha, na ngozi nyembamba iliyobanduka kama maganda ya kitunguu, vyote vikirushwa na kudakwa, vikirushwa na kudakwa, na kila vilipodakwa mumewe, aliyejilaza kwa uchovu upande wa pili wa ua, alikohoa usingizini, shwaa na kikohozi, shwaa na kikohozi, mpaka ungo ukasimama hewani na kile kilichokuwa nyuma ya moshi kikageuka kutazama mlangoni.

"Bado mzito kidogo," ilisema sauti ya kizee, bila hasira yoyote, kama mtu anayeongea na mwenzake wa kazi.

Sonmati akafunga mlango. Akakaa pale pale chini, mgongo kwenye mbao, na alijua kwamba kama mumewe atakufa, yeye ndiye atakuwa amemuua.

Asubuhi iliyofuata alimwomba jirani amwangalie Bi Phulesra, akampakia Shivmurat kwenye mkokoteni akamsukuma mpaka mtoni, wavuke kwenda kwa baba yake Sonmati. Mkokoteni wao waliuacha ukingoni. Walikuwa wanangoja mashua ndipo Shivmurat akapiga magoti, akachota matope ya mto Ganga kwa mikono miwili, akaanza kula. Watu wakaacha kuoga wakawa wanatazama. Sonmati alimshika mikono, akamfuta mdomo, akambembeleza kama mtoto, na hakukuwa na la kufanya ila kumrudisha nyumbani akale. Walipofika, mkokoteni ulikuwa umetangulia. Umekaa katikati ya ua, kunguru amesimama juu yake, na hakuna jirani aliyeona nani kausukuma.

Hapo ndipo alipokwenda kwa Mai Dukhni.

Mai Dukhni alikuwa mjane aliyekaa kwenye ngazi za hekalu la Dhumavati, anavuta kiko cha udongo na kuwakemea mahujaji. Wake wenye waume walipita pale kwa mbali, wakainamisha kichwa, wakaenda zao. Sonmati naye akasimama mbali.

"Wewe, una mume au huna?" Mai alimuuliza.

"Ninaye, Mai."

"Una hakika? Maana ulichopaka kichwani ni majivu."

Sonmati akamsogelea, akamwambia yote kwa sauti ya chini. Mai Dukhni alisikiliza hadi mwisho, na kiko kikazimika mkononi mwake.

"Lingekuwa jini ningelichomea pilipili, likatoka linapiga chafya," alisema. "Huyu si jini, mwanangu. Huyu ni mama yetu. Hafukuzwi."

"Nimemkosea nini? Nilimpelekea chakula."

"Ulimpelekea habari. Ulimwambia kwa mwili wako kwamba mumeo kafa. Mke gani anafuta sinduri kwa mkono wake mwenyewe? Naye kakuamini, kakupokea, kakuhesabu pamoja na sisi. Sasa akitazama anaona mume bado anatembea. Anasawazisha."

"Basi nitamwambia nilidanganya."

"Kamwambie. Huyo alimmeza mumewe mwenyewe kwa njaa, na ujane wake alipewa kwa laana. Wewe ukamwambie ujane ulikuwa unauchezea. Nenda tu."

Sonmati akageuka aende zake. Mai Dukhni, ambaye hakuwa na moyo mgumu kama ulimi wake, akamvuta mkono akamketisha.

"Watu wanamwogopa," alisema. "Mimi nilipofiwa nilikuwa msichana. Mama yangu mzazi alinifungia nisionekane kwenye arusi ya dada yangu. Huyu peke yake ndiye aliyenifungulia mlango. Si mbaya huyu. Ila hachukui uongo, akipewa uongo anaugeuza kweli." Akakung'uta kiko. "Njia ipo, lakini hutaipenda. Anangoja maiti. Mpe maiti."

Siku hiyo hiyo Sonmati alimweleza mumewe. Shivmurat alisikiliza huku anatafuna dengu mbichi, hana subira ya kuzikaanga.

"Yaani nife ili nisife," alisema.

"Ndiyo."

"Na nguo zangu zikutwe kwenye ngazi za mto, watu waseme nimezama."

"Ndiyo. Utakwenda Kalkuta, mji wa mbali, na ukifika huko hutakuwa na njaa. Mai kasema ukishachomwa, kwa sanamu ya nyasi, hatakutafuta tena."

"Nitarudi lini?"

Sonmati alishindwa kumtazama. "Hurudi."

"Hata kuja kukusalimu? Hata kumwona mama?"

"Aliyechomwa hasalimii watu, bwana. Akikuona unaishi atajua nimemdanganya mara ya pili."

Shivmurat akaacha kutafuna. Akamwangalia mama yake pale kitandani, akamwangalia na mkewe, akalia bila kujificha. "Nakupenda, wewe mwanamke," alisema, neno ambalo mwanamume wa mtaa ule halisemi. Sonmati akamwambia naye anampenda, ndiyo maana anamzika.

Mto ukapewa lawama. Wapiga mbizi walitafuta wakachoka, na mwili usipopatikana desturi ni moja: kuhani akafunga mtu wa nyasi za ibada, akamwekea nazi mahali pa kichwa, akamfunika sanda. Akalazwa uani. Mtaa mzima ukaja kulia, na kilio kilikuwa cha kweli, maana Shivmurat alipendwa. Bi Chameli, jirani muuza mashada ya maua, ndiye aliyemshika Sonmati mikono na kumvunjia bangili zilizobaki kwa jiwe, huku mwenyewe akilia kuliko mfiwa.

Mai Dukhni alikuwa amejipenyeza katikati ya wanawake. "Mwite," alimnong'oneza Sonmati. "Kwa jina lake."

Mke wa kule hatamki jina la mumewe, maana kulitamka ni kumpunguzia siku za kuishi. Sonmati alikuwa amemwita "bwana," amemwita "wewe," amemwita "unasikia," tangu arusi mpaka siku ile. Aliitazama ile nazi ndani ya sanda. Akajilaza juu ya nyasi, akazikumbatia, akaita, "Shivmurat. Shivmurat wangu." Wanawake waliposikia hivyo vilio vikapanda mara mbili. Na chini ya mlango wa kile chumba Sonmati akaona moshi ukirudi ndani, taratibu, mpaka ncha yake ya mwisho. Wanaume wakambeba yule wa nyasi kwenda kumchoma, binamu wa mbali akawasha moto, na wanasema nazi ilipasuka kwa mshindo kama fuvu la mtu.

Ikawa kimya. Kunguru wakaondoka. Sonmati alivaa nyeupe, akakaanga dengu kwa mkono wake, akampelekea mama wa moshi chakula kila siku, na ndani hakuona tena ila picha tu ukutani. Watu wakaanza kubadili njia asubuhi wakimwona. Kuondoka hakuweza: mjane kijana aende wapi, na nani angepeleka ile sahani? Kuacha kupeleka hakuthubutu. Jioni moja kupitia kwa mpanda mashua alipata salamu bila jina, kwamba kuna mtu Kalkuta anafanya kazi kwenye kiwanda cha magunia, ananenepa. Aliingia ndani akacheka peke yake hadi akachoka.

Bi Phulesra akafa mvua zilipoanza. Binamu yule yule akawasha moto wake, kwa kuwa mwana wa pekee alishakuwa majivu.

Haukupita muda. Alasiri, Sonmati yuko tanurini anageuza mchanga wa moto kwa upawa, kivuli kikaingia mlangoni. Akainua macho. Shivmurat alikuwa amesimama kizingitini, kanyoa kichwa kama mwana anavyonyoa akifiwa na mama yake, na alikuwa amenenepa kweli, mashavu yamejaa, anapendeza.

"Sonmati," alisema polepole.

"Toka hapo."

"Mama kafa sikumchoma. Nitakaaje Kalkuta nikala wali, mama kachomwa na mtu wa mbali?"

"Nakuomba. Toka kabla hujaonekana."

"Yamekwisha yale. Nitazame nilivyo mzima. Nimechoka kulala ukumbini na watu wanaokoroma, nimechoka kuitwa jina la mtu mwingine. Nataka nyumbani kwangu." Akaweka mguu mmoja ndani.

Chumbani kukalia shwaa. Mara moja tu.

Sonmati hakugeuka. Kisha kutoka nyuma ya ule mlango ikaja sauti, na haikuwa ya kizee safari hii, ilikuwa sauti yake yeye Sonmati, ile ya jioni za zamani, yenye uvivu na mapenzi ndani yake.

"Ingia, bwana. Chakula tayari."

Uso wa Shivmurat ukalainika. Hakuwa anamtazama tena mkewe aliye mbele yake, alikuwa anatazama nyuma yake, kwenye mlango uliokuwa unafunguka polepole, na tumbo lake likanguruma kwa sauti ambayo Sonmati aliifahamu vizuri sana, na moshi mwembamba ukaanza kumtoka puani, na akainua mguu wa pili auvushe kizingiti, anatabasamu, kama mtu aliyeitwa mezani baada ya safari ndefu, na Sonmati akaona kwamba maneno hayatafika kwake, hata kama angemlilia hapo mpaka kesho.

Akachota upawa mzima wa mchanga wa moto, akamrushia kifuani.

Shivmurat akapiga yowe, akaanguka nje. Sonmati akatoka mbio hadi barabarani, akajaza kifua pumzi. "Pepo! Pepo wa mume wangu! Jamani, njooni, amerudi kunichukua!"

Mtaa ukafumuka. Watu wote wale walikuwa wameulilia ule mwili wa nyasi, wameibeba ile sanda, wameisikia nazi ikipasuka. Walimwona marehemu anajikokota kwenye matope, kichwa kipara, moshi unamtoka puani, na kila mmoja akaokota alichokiona kwanza. Viatu vikaruka, vipande vya matofali vikaruka, wazee wakawa wanamtaja mungu Ram kwa sauti. Shivmurat akainua mikono. "Ni mimi, jamani, ni mimi." Akamtafuta mkewe kwa macho. Sonmati akainama, akaokota jiwe, akalirusha pamoja nao. Ndipo Shivmurat akakimbia.

Walimfukuza hadi walipotoweka kwenye kona ya kuelekea mtoni. Sonmati alibaki mlangoni, mkono umeungua, hasikii maumivu. Nyuma yake mlango wa kile chumba ulikuwa umejifunga. Baadaye Bi Chameli akarudi anahema, kashika kiatu kimoja.

"Kaenda," alisema. "Tumemkimbiza mpaka majini."

"Mawe yalimpata?"

"Yalimpata. Moja la kichwa, akaanguka chini."

Sonmati akamshika mkono kwa nguvu. "Akaanguka?"

"Akaanguka, halafu akanyanyuka."

"Una hakika alinyanyuka?"

"Nimemwona kwa macho yangu, mwanangu. Kanyanyuka, kakata maji ya ukingoni, anakimbia kama mtu mzima."

Sonmati akaweka kichwa kwenye bega la jirani yake, akalia kwa sauti, na Bi Chameli akawa anampapasa mgongo, anamwambia asiogope tena, vijana wa mtaa wamekubaliana kulinda ile njia usiku na mchana, wana marungu, na maiti yule hatakanyaga pale maisha yake yote.